Ukibaguliwa kazini Kigoma: Ofisi ya Kazi na CMA zina nguvu gani?

Mtu akibaguliwa kazini Kigoma, ushauri anaopewa huwa mmoja: "Nenda CMA." Ushauri wenyewe ni sahihi, ila ni nusu ya habari. Huduma ya serikali dhidi ya ubaguzi kazini ina milango miwili, na ule unaopitwa bila kubishwa hodi ndio wenye nguvu ya kuuzuia ubaguzi kabla mtu hajapoteza kazi. Mlango huo ni Ofisi ya Kazi, kwa afisa kazi. Wa pili, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, umewekwa kwa ajili ya mgogoro uliokwisha kuwaka. Tathmini hii inaipima milango yote miwili kwa swali moja: mhudumu wa hoteli pale Mwanga, mwalimu wa shule binafsi Kasulu, au mwanamke anayeanika dagaa Kibirizi atapata nini akiingia?

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo inayozipa ofisi hizi meno. Ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 7. (Namba za vifungu tunazotaja ni za sheria ilivyotungwa mwaka 2004.) Kinakataza kubagua, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, kwa sababu ya rangi, utaifa, kabila au mahali mtu anapotoka, mbari, asili ya kitaifa, asili ya kijamii, maoni ya kisiasa au dini, jinsi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, ulemavu, Virusi vya Ukimwi, umri, au hali ya maisha. Bughudha inayotokana na mojawapo ya sababu hizo nayo ni ubaguzi. Kuvunja katazo hili ni kosa la jinai.

Kwa upana wake kifungu hiki tunakipa alama za juu kabisa. Kwanza, "mwajiriwa" humu ni pamoja na mtu anayeomba kazi. Tangazo lililobandikwa ukutani, "Anahitajika msichana, umri usizidi miaka 25, asiye na mtoto", limegusa jinsi, umri na majukumu ya familia kwa mstari mmoja, na aliyekataliwa kwa tangazo hilo anaweza kulalamika ingawa hajafanya kazi hata siku moja. Pili, kinagusa kila hatua ya ajira: tangazo, usaili, upangaji wa madaraja, mshahara, zamu, mafunzo, upandishaji cheo, uhamisho, nidhamu, kuachishwa. Tatu, wanajeshi, polisi, magereza na JKT, ambao sehemu kubwa ya sheria hii haiwahusu, kifungu cha 7 kinawahusu. Na mwajiri anatakiwa achukue hatua za makusudi kuhakikisha mwanamke na mwanamume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa.

Sasa afisa kazi. Mamlaka yake yamo katika Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004. Anaweza kuingia eneo la kazi kwa saa za kawaida bila kutoa taarifa mapema. Anaweza kudai mikataba, orodha ya malipo, rejesta za likizo na majalada ya nidhamu, akazikagua na kuzinakili. Anaweza kumhoji mwajiri au mfanyakazi, wakiwa peke yao au mbele ya wengine. Akiridhika kwamba sheria imevunjwa, anatoa amri ya maandishi inayomtaka mwajiri atii, na amri hiyo hueleza kifungu kilichovunjwa na hatua za kuchukuliwa. Mwajiri asiyekubali hupeleka pingamizi la maandishi kwa Kamishna wa Kazi. Akikaa kimya na asitekeleze, suala linaweza kufikishwa Mahakama ya Kazi, ambayo ni divisheni ya Mahakama Kuu, ili amri ipewe nguvu ya mahakama.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mfanyakazi anaendelea na kazi yake. Tuseme hoteli inawapa wanawake wote wa mapokezi mkataba wa miezi mitatu mitatu na wanaume wa mapokezi mkataba wa mwaka. Hakuna aliyefukuzwa, kwa hiyo hakuna anayewaza CMA. Afisa kazi akikaa na majalada, atauona mpangilio huo ambao mfanyakazi mmoja mmoja hawezi kuuthibitisha, kwa sababu majalada ya wenzake hayamo mikononi mwake.

Kuna chombo kingine ambacho waajiri wengi hukisahau na wafanyakazi wengi hawakijui. Kifungu cha 7 kinamtaka kila mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi. Kamishna anaweza kumwagiza mwajiri autengeneze na ausajili, na mwamuzi wa CMA au Mahakama ya Kazi ikisikiliza shauri la ubaguzi lazima iuzingatie mpango uliosajiliwa. Kwa hiyo katika malalamiko yako kwa afisa kazi ongeza sentensi moja: "Naomba mwajiri atakiwe kuonyesha mpango wake uliosajiliwa." Asipokuwa nao, ukaguzi umepata jambo la kuandika tangu dakika ya kwanza. Na kwa mwajiri wa Kigoma mwenye watu kumi na watano, mpango wa kurasa mbili au tatu unatosha kuanzia: vigezo vya kuajiri kwa kila nafasi, viwango vya mshahara kwa nafasi, utaratibu wa kupokea malalamiko ya bughudha, na jina la anayewajibika. Mwenye wafanyakazi 20 au zaidi akumbuke pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, inayotaka angalau asilimia 3 ya waajiriwa wawe watu wenye ulemavu.

Malalamiko yanayofanikiwa kwa afisa kazi ni mafupi na yana vitu vya kukagua. Neno "nabaguliwa" peke yake halimpi mkaguzi pa kuanzia. Andika jina la mwajiri, mahali kazi ilipo kwa alama zinazotambulika, idadi ya wafanyakazi, jambo lenyewe, limeanza lini, linawagusa kina nani na haliwagusi kina nani, kisha taja nyaraka za kutazamwa: "orodha ya malipo ya Januari hadi Juni, nafasi ya mhudumu wa mapokezi." Kama unahofia kujulikana, andika ombi hilo humohumo kwenye barua. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo.

Udhaifu wa mlango huu ni kwamba afisa kazi hana mamlaka ya kukupa fidia ya kubaguliwa wala kuamua mgogoro wako kama hakimu. Amri yake inarekebisha mwenendo wa mwajiri, na hasara iliyokwisha kukupata inabaki kuwa kazi ya CMA. Siku za CMA nazo hazisimami wakati unasubiri ukaguzi. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia: wamelalamika mapema, wamesubiri kwa uvumilivu, wakafika CMA wakaambiwa muda umekwisha. Nenda kote kuwili ndani ya muda.

Kwa mtu wa mbali kuna tatizo la barabara pia. Kutoka Kibondo hadi Kigoma mjini ni zaidi ya kilomita 200, na kwa kibarua hiyo ni siku ya mshahara iliyopotea pamoja na nauli. Kwa ufikaji, hatuwezi kuipa huduma hii zaidi ya wastani. Chama cha wafanyakazi kikiwepo kazini, kama CHODAWU mahotelini na majumbani au TUICO viwandani na madukani, kiongozi wa tawi anaweza kuwapelekea barua na kuwawakilisha. Barua ya watu sita kwa pamoja pia humlinda mmojammoja kuliko barua sita tofauti.

CMA sasa. Kufungua mgogoro hakuna ada, shughuli inaendeshwa kwa Kiswahili, na unaweza kuwakilishwa na chama chako, wakili au mtu uliyemchagua mwenyewe. Hayo ni mambo makubwa kwa mtu asiye na kitu, na tunayasifu bila kusita. Ugumu umejificha kwenye tarehe na kwenye fomu.

Tarehe: mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo haki hufikishwa CMA ndani ya siku 30 tangu kuachishwa au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine yote, ukiwemo ubaguzi ambao haukuishia kufukuzwa, ni siku 60 tangu ulipozuka. Hesabu ni ya siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Ukichelewa, unajaza Fomu Na. 2 kuomba uongezewe muda, na unaeleza kuchelewa kwa kila kipande cha siku kilichopita. "Nilikuwa nazungumza na bosi tuyamalize" ni sababu dhaifu. Cheti cha hospitali chenye tarehe kina uzito.

Kwa maoni yetu siku 60 ni chache mno kwa ubaguzi. Kufukuzwa kunajulikana siku hiyohiyo, lakini mtu anaweza kupunjwa mshahara kwa miezi kabla hajajua mwenzake analipwa kiasi gani. Katika jimbo la California, Marekani, mlalamikaji wa ubaguzi kazini ana miaka 3 ya kufikisha malalamiko kwa idara ya jimbo, na idara hiyo inaweza kumshtaki mwajiri mahakamani kwa jina lake yenyewe. Pengo kati ya miaka 3 na siku 60 linamwangukia mfanyakazi wetu, na watunga sheria wanapaswa kuliangalia.

Fomu: ni Fomu Na. 1 ya CMA, na makosa yake ni yaleyale mwaka hadi mwaka. La kwanza ni kujaza sehemu ya B, ambayo ni ya kuachishwa kazi tu, wakati bado uko kazini. Kama hujaachishwa, jaza sehemu ya A, weka alama kwenye ubaguzi, uiache B tupu. La pili ni kuandika jina la bango badala ya jina la kisheria la mwajiri. Hoteli ina jina lake mlangoni, lakini mwajiri anaweza kuwa kampuni yenye jina jingine BRELA, kwa wakala wa usajili wa kampuni. Shule inaweza kuwa chini ya wadhamini waliosajiliwa. Tazama mkataba, stakabadhi ya mshahara au taarifa ya michango ya NSSF. Tuzo, yaani uamuzi wa CMA, iliyotolewa dhidi ya jina lisilokuwepo haina wa kumkamata. La tatu ni kutoandika unachotaka. Yaliyomo kwenye fomu ndiyo yatakayokufunga baadaye: ukiomba malimbikizo ya mshahara tu, usitarajie mbele ya mwamuzi kuibuka na fidia ya udhalilishaji. Kwa ubaguzi usio wa kufukuzwa hakuna jedwali la viwango vya fidia, kwa hiyo andika kiasi na namna ulivyokipata: tofauti ya mshahara shilingi kadhaa kwa mwezi, mara miezi kadhaa.

Nakala ya fomu humfikia mwajiri kwanza, kisha unawasilisha CMA ukiwa na uthibitisho kwamba ameipokea: saini na muhuri kwenye nakala yako, au risiti ya posta ya rejista. Mlinzi wa getini akikataa kusaini, tuma kwa rejista siku hiyohiyo.

Baada ya hapo ni usuluhishi. Msuluhishi ana siku 30, isipokuwa mkikubaliana kwa maandishi kuongeza. Usipotokea, malalamiko yanaweza kutupwa. Mwajiri asipotokea, msuluhishi anaweza kuyaamua. Mazungumzo ya usuluhishi ni ya siri na hayatumiki kama ushahidi baadaye, hivyo zungumza kwa uwazi, ila usisaini makubaliano yenye maneno "hana madai mengine yoyote" kabla hujahakikisha kila dai limo. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, ambaye baada ya kufunga usikilizaji ana siku 30 za kutoa tuzo yenye sababu.

Mbele ya mwamuzi ndipo kifungu cha 7 kinapoonyesha thamani yake. Mfanyakazi hahitaji kuthibitisha yaliyo moyoni mwa mwajiri. Anatakiwa aweke msingi wa awali unaoonyesha kubaguliwa kwa sababu mojawapo iliyotajwa, kisha mzigo unahamia kwa mwajiri: athibitishe kwamba jambo halikutokea, au lilitokea kwa sababu nyingine. Msingi huo hujengwa kwa mambo matatu: sifa yako inayolindwa, ulichotendewa, na mwenzako asiye na sifa hiyo aliyetendewa tofauti katika mazingira yanayofanana. Shauri lisilo na mwenzako wa kulinganishwa naye, tarehe, wala maneno yaliyosemwa, kwa kawaida huanguka hapa, kabla mwajiri hajafungua mdomo. Ujumbe wa WhatsApp unakubalika kama ushahidi wa kielektroniki, lakini tunza simu yenyewe yenye mazungumzo kamili. Picha ya skrini iliyokatwa katikati hupingwa kirahisi.

Mwajiri anazo kinga halali, na haki inataka zitajwe. Si ubaguzi kumpendelea mtu kwa sifa ambayo kazi yenyewe haiwezi kufanyika bila hiyo, kuchukua hatua za kuinua kundi lililoachwa nyuma, au kuajiri raia kwa mujibu wa sheria ya kukuza ajira ya 1999.

Kinga hii ya mwisho ina uzito wa pekee mkoani Kigoma, na inatumiwa vibaya. Mtu wa Buhigwe au Kakonko anayezungumza Kiha huambiwa kwenye usaili "wewe ni Mrundi", faili linafungwa. Mwajiri ana haki ya kuuliza uthibitisho wa uraia, na asiye raia anahitaji kibali cha kazi kwa Sheria ya 2015 inayosimamia ajira za wageni. Lakini haki hiyo ni ya kuuliza nyaraka, na kwa waombaji wote. Ukiwadai kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa cha mzazi wale tu wenye lafudhi ya Kiha, na ukawapitisha wa kutoka mikoa mingine bila kuwauliza, hapo umebagua kwa mahali mtu anapotoka. Mwombaji aliyekumbwa na hili aandike siku hiyohiyo maswali aliyoulizwa, nani aliuliza, na wenzake waliosailiwa waliulizwa nini. Siku zake 60 zimeanza.

Ujauzito nao una mtego wake, hasa kwenye miradi yenye mikataba ya mwaka mmoja huko Kasulu na Kibondo. Mwanamke anapata mimba, mkataba unaisha, "hatutaongeza". Sheria inahesabu kutohuisha mkataba wa muda maalumu kuwa ni kuachisha kazi iwapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa: umeshahuishwa mara kadhaa, mradi una fedha, wenzake wote wameongezewa. Kumzuia mtu kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, nako ni kuachisha. Hivyo muda hapa ni siku 30, na wengi wanaohesabu 60 kwa kuwa "ni ubaguzi" hukwama. Jaza sehemu zote mbili za fomu. Na ingawa ulinzi wa jumla dhidi ya kuachishwa isivyo haki haumgusi aliye kazini chini ya miezi 6, katazo la ubaguzi la kifungu cha 7 linamgusa tangu siku aliyoomba kazi.

Kibarua asiye na mkataba wa maandishi asikubali kuambiwa "wewe si mfanyakazi wetu". Sheria ya Taasisi za Kazi inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwepo hata alama moja kati ya kadhaa, kwa mfano kuwa amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au anafanya kazi kwa mtu huyo mmoja tu. Mwanika dagaa anayelipwa kwa siku hufikisha saa hizo ndani ya wiki. Miamala ya malipo kwenye simu ndiyo rejesta yake.

Watumishi wa umma, wakiwemo walimu na wauguzi wa serikali, wana njia tofauti: tangu marekebisho ya 2016 wanatakiwa wamalize kwanza ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma. Wakiingia CMA moja kwa moja, pingamizi la kwanza litawatoa.

Asiyeridhika na tuzo ana wiki 6 za kuomba mapitio Mahakama Kuu, na masjala yake ipo Kigoma, hakuna haja ya kusafiri kwenda Tabora. Mwajiri asipolipa wala kuomba mapitio, tuzo haijilipi yenyewe: mshindi anaipeleka Mahakama Kuu ikazwe, yaani itekelezwe kwa nguvu, kama hukumu. Ombi hilo liandaliwe mara tu wiki 6 zinapoisha, likiwa na nakala ya tuzo iliyothibitishwa, hesabu ya kiasi kinachodaiwa, na orodha ya mali au akaunti za mwajiri unazozifahamu, kwa maana dalali wa mahakama hatazitafuta kwa niaba yako.